Chifu wa Wakurya wote?

Jumamosi iliyopita, harusini, mshereheshaji alimsimamisha mzee mmoja akamtambulisha kuwa mjukuu wa chifu mkuu aliyewatawala Wakurya wote "tangu enzi za mababu". Ukumbi ukapiga makofi. Na mimi nikapiga, shingo upande.

Tukisikia jamii fulani ya jadi ilikuwa na "utawala wa kati", maana yake ni kwamba ilikuwa na kitovu kimoja chenye kauli ya mwisho kwenye kesi, ushuru na vita, na chini yake wasaidizi wa kutekeleza. Basi. Kinachonikera ni neno tunalokibandika kitovu hicho, halafu tukalibandika hata pale ambapo kitovu hakikuwepo.

Chifu ni neno tulilopewa na Mwingereza. Wachaga walikuwa na mangi, Wahaya mkama, Wanyamwezi na Wasukuma mtemi. Mtemi limetoka kwenye kutema. Si kutema mate, ni kule kutema kuni. Wapo wanaosema mtemi wa kwanza ndiye aliyefyeka pori watu wakapata pa kulima. Wengine wanasema aliitwa hivyo kwa kuwa alikata mashauri. Mimi sioni haja ya kuchagua, maana hata kwa Kiswahili mti tunaukata na kesi tunaikata.

Ila mtemi naye asivikwe ukubwa usio wake. Usukumani watemi walikuwa makumi, kila mmoja na nchi yake, na chini yao wanangwa, yaani wakuu wa vijiji. Banang'oma, wazee waliomsimika mtemi, waliweza pia kumng'oa, hasa mvua ikigoma. Kilimanjaro vivyo hivyo: Machame na mangi wake, Kibosho na wake, Marangu na wake, na walipigana wao kwa wao. Mangi Mkuu wa Wachaga wote, Thomas Marealle, alisimikwa mwaka 1952, tena baada ya kura.

Sasa Wakurya. Wao, kama Wakikuyu na Wamasai, hawakuwa na kitovu hicho. Walikuwa na koo, marika, na wazee wa inchama, yaani baraza lao la wazee. Kesi zilisikilizwa, mipaka ililindwa, vijana walijua nani wa kumheshimu. Kukosa mfalme hakukuwafanya wakose sheria. Hata laiboni wa Wamasai, anayetajwa mara nyingi kama mfalme wao, kazi yake ilikuwa uaguzi na baraka. Mkoloni ndiye aliyehitaji mtu mmoja wa kumtuma kodi. Gavana Donald Cameron, aliyefika Tanganyika mwaka 1925, alitaka kutawala kupitia watawala wa jadi, na palipokosekana mtawala, alitafutwa mtu akapewa cheo. Kenya nako ilikuwa hivyo hivyo, na mpaka leo chifu wa Kenya ni mtumishi wa serikali mwenye mshahara. Sisi huku uchifu tuliufuta mwaka 1963.

Kwa hiyo simkatalii yule mzee babu yake. Huenda kweli alikuwa chifu, kodi akaikusanya na barazani akakaa. Ila cheo alipewa na bwana shauri, yule ofisa wa mkoloni wilayani, na eneo lake lilikuwa kipande tu cha Ukurya. Mshereheshaji angesema "mjukuu wa chifu wa enzi za Mwingereza", na makofi tungepiga yale yale.