Mtoto amekufa na hakuna aliyeona: kesi hujengwaje?

Katika baraza za machifu hapa Kisumu, swali ambalo sisi waendesha mashtaka hatulikosi ni hili: "Kama hakuna aliyeona, mtamshtaki mtu vipi?" Kesi nyingi za watoto waliokufa kwa kuteswa hazina aliyeona. Mambo hutendeka mlango umefungwa, na aliyepigwa hasemi tena. Hubaki ushahidi wa kimazingira, yaani vijambo ambavyo kimoja kimoja havina uzito, lakini vikishikana vinamwelekea mtu mmoja.

Chukua mfano wa kutunga. Ploti ya mabati katika mtaa wa Nyalenda, hapa Kisumu. Mama ametoka alfajiri kwenda soko la Kibuye kuuza omena, na mtoto wa miaka mitatu ameachwa na baba wa kambo. Saa nne mama mboga wa langoni anamwona mtoto akitafuna muwa, kaptula imemteremka, anacheka. Saa nane anafikishwa hospitalini akiwa ameshafariki. "Alianguka kitandani," asema baba. Polisi wakikipima kitanda, kinafika magotini. Upasuaji wa maiti unaonyesha ini limepasuka, na mbavu mbili za nyuma zilivunjika zamani, zimeanza kuunga.

Wengi huzikimbilia mbavu. Mimi naukimbilia muwa. Mbavu zinasema mtoto aliwahi kuumizwa, hazisemi na nani. Hata mama alikuwa akiishi humo. Muwa ndio unaobana saa. Mwanapatholojia, yaani daktari aliyeipasua maiti, akieleza kwamba mtoto mwenye ini lililopasuka vile hangekuwa langoni akicheka, basi pigo lilitua baada ya saa nne, na ni nani aliyekuwa naye kuanzia hapo? Kifungu cha 111 cha Sheria ya Ushahidi kinataka mtu aeleze jambo ambalo yeye hasa ndiye alijuaye. Maelezo ya kitanda yasipolingana na jeraha, nayo yanakuwa pete ya mnyororo. Mzigo wa kuthibitisha kosa, hata hivyo, hautuondoki sisi upande wa mashtaka.

Sasa mlete jirani anayesema shangazi alipita saa sita akakaa na mtoto nusu saa, baba ameenda kwa kinyozi. Mnyororo umelegea. Tangu kesi ya Kipkering arap Koske ya 1949, mahakama za Afrika Mashariki hutaka ushahidi wa namna hii usipatane kabisa na kutokuwa na hatia kwa mshtakiwa, wala usiwe na maelezo mengine ya busara. Katika kesi ya Sawe ya 2003, Mahakama ya Rufani ilikumbusha kuwa shuku, hata iwe nzito vipi, haitoshi. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, lakini hatumfungi mtu kwa mawingu. Wanakijiji hutukasirikia sana kwa hilo, na siwalaumu.

Tena si kila alama ni kipigo. Watoto wetu wengi huzaliwa na madoa ya rangi ya samawati matakoni na kiunoni, na asiyeyajua huyaona kama michubuko. Kwa upande mwingine, ngozi nyeusi huficha michubuko halisi, ndiyo maana mwanapatholojia hupasua ngozi kutazama chini yake.

Kinachotuvunja nguvu zaidi ni haraka ya kuzika. Mtoto mchanga huweza kuzikwa jioni ileile, shuka limefuliwa, beseni limesuguliwa kwa majivu, hakuna aliyeandika saa. Kufukua kaburi kunahitaji amri ya mahakama, na baada ya wiki kadhaa ini halisomeki tena. Mifupa ndiyo inayosalia kuzungumza. Ukiwa na shaka, piga ripoti polisi kabla ya mazishi, uombe nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Mtoto akiwa bado hai, nambari ya simu ya msaada kwa watoto, 116, hupigwa bila malipo.

Halafu kuna jambo linalowashangaza wengi. Kwa kawaida mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Kifungu cha 127 cha Sheria ileile ya Ushahidi kinaondoa kinga hiyo kosa likimhusu mtoto wa mmoja wao. Mama wa yule mtoto wa Nyalenda anaweza kuitwa mahakamani hata kama hataki, na jambo la kwanza nitakalomuuliza ni alitoka nyumbani saa ngapi, na ufunguo alimwachia nani.