Kabla hujanunua sanitaiza, geuza chupa

Wateja wengi wanaokuja famasi kuulizia kitakasa mikono huanza na harufu, kisha bei. Mimi huwaomba wageuze chupa wasome nyuma: kiasi cha alkoholi ni asilimia ngapi? Ikiwa chini ya 60, au haikuandikwa kabisa, rudisha chupa. Yale maandishi makubwa ya mbele, "huua vijidudu 99.9%", yametokana na vipimo vya maabara, si kiganja cha mtu aliyeshuka kwenye daladala.

Basi kuna anayewaza kwamba ikifika asilimia 100 ndiyo kiboko. Hapana. Alkoholi huua bakteria kwa kuvuruga protini zake na kubomoa utando wake wa mafuta, na protini hazivurugiki vizuri pasipo maji. Ndiyo sababu fomula ya Shirika la Afya Duniani, ambayo hata famasi ya hospitali inaweza kuichanganya, ina ethanoli (alkoholi yenyewe) asilimia 80 tu. Humo mna pia glisirini asilimia 1.45 ili ngozi isikauke, na haidrojeni peroksaidi asilimia 0.125. Hiyo peroksaidi haiko pale kwa ajili ya mikono yako. Kazi yake ni kuua spora za bakteria (bakteria waliojifungia kwenye ganda gumu) zilizoingia kwenye chupa au kwenye mchanganyiko wenyewe.

Kiasi nacho ni tatizo. Mtu hudondosha tone dogo, anapangusa viganja mara mbili, anamalizia kwenye suruali. Jaza kitovu cha kiganja, sugua migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na ncha za kucha, hadi pakauke penyewe. Ni sekunde 20 hadi 30. Ukipiga feni ikauke haraka umejidanganya.

Lakini jeli haiondoi kitu mkononi. Umekula samaki wa kukaanga, umepalilia bustani, umemtawaza mtoto: mafuta, udongo na kinyesi vyote vinabaki palepale, na alkoholi haipenyi vizuri chini yake. Dawa ya kunyunyizia mazao ndiyo kabisa, jeli haiiondoi. Mayai ya minyoo hayajali, spora za *Clostridioides difficile*, bakteria wa kuharisha, hazijali, na norovirusi, ile ya kutapika na kuhara, huistahimili kuliko virusi vya mafua. Hapo ni sabuni na maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi kando ya choo kinashinda chupa ya bei mbaya iliyo kwenye mkoba.

Naulizwa pia kama vijidudu vitaizoea kama vinavyozoea antibayotiki. Si kwa namna ileile, kwa kuwa alkoholi hushambulia sehemu nyingi kwa pamoja. Hata hivyo, mwaka 2018 watafiti wa Australia walieleza kwamba bakteria aina ya *Enterococcus faecium* wa hospitalini walikuwa wameanza kuistahimili zaidi kuliko wale wa miaka ya nyuma. Hilo ni la hospitali kulifuatilia. Lisikunyime usingizi nyumbani.

Kinachonitia hofu zaidi ni sanitaiza ya kupimiwa kutoka kwenye dumu. Hujui kama ni ethanoli au methanoli, na methanoli ikinywewa hupofusha na kuua. Mbaya zaidi, hutiwa kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Ikikaa mezani, mtoto mwenye kiu hataisoma. Ikikaa karibu na jiko, inashika moto.