Kathleen Sebelius: kutoka meza ya bima Kansas hadi Wizara ya Afya

Marekani, kampuni za bima husimamiwa kwanza na majimbo, si Washington. Kila jimbo lina kamishna wa bima: ndiye anayezipa kampuni leseni, anayekagua kama zina fedha za kulipa madai, na anayesikiliza malalamiko ya mwenye kadi aliyekataliwa. Kwa kawaida kamishna huteuliwa. Kansas ni kati ya majimbo machache ambako wananchi humpigia kura.

Sebelius aliigombea kazi hiyo mwaka 1994, baada ya miaka minane kwenye Baraza la Wawakilishi la Kansas. Siasa alikuwa amezikuta nyumbani: baba yake, John Gilligan, aliwahi kuwa gavana wa Ohio. Ila Kansas ni ngome ya Republican, naye ni Democrat. Alikataa michango ya kampeni kutoka kwa kampuni za bima, akashinda.

Sisi tunaofuatilia mambo ya bima tunamkumbuka zaidi kwa uamuzi wa Februari 2002. Kampuni ya bima ya Anthem, ya Indianapolis, ilitaka kuinunua Blue Cross and Blue Shield ya Kansas kwa dola milioni 190. Kampuni hiyo ya Kansas haikuwa na wanahisa; wenye mali walikuwa wenye kadi wenyewe. Ikinunuliwa, wangepata fedha mara moja, lakini kuanzia hapo sehemu ya michango yao ingekwenda kutafuta faida ya wanahisa. Sebelius aliona kwamba malipo ya bima yangepanda, akakataa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya jimbo, nayo mwaka 2003 ikasema kamishna alikuwa na mamlaka hayo. Wakati huo yeye tayari alikuwa gavana wa Kansas.

Aliapishwa kuwa Waziri wa Afya na Huduma za Binadamu Aprili 28, 2009, homa ya mafua ya H1N1 ikiwa imeshaanza kusambaa. Mwaka uliofuata Rais Obama akasaini sheria ya bima ya afya, na utekelezaji ukamwangukia yeye. Hapo kazi ilibadilika. Kamishna anasoma ombi, anapiga mahesabu, anakubali au anakataa. Waziri alitakiwa kujenga soko zima la watu kununua bima, na soko lenyewe lilikuwa tovuti.

HealthCare.gov ilifunguliwa Oktoba 1, 2013. Ili uone bei tu, ulilazimika kwanza kufungua akaunti, na mfumo wa akaunti ndio uliozidiwa. Siku hiyo waliofanikiwa kujiandikisha walikuwa watu 6. Sita! Mbele ya kamati ya Bunge mwisho wa mwezi huo, Sebelius alisema lawama ni zake. Mafundi waliirekebisha, na hadi msimu wa kwanza wa usajili unafungwa, zaidi ya watu milioni 8 walikuwa wamechagua bima kupitia masoko ya sheria hiyo. Aprili 2014 alitangaza kujiuzulu.

Jina lake limebaki pia kwenye kesi ya mwaka 2012 iliyopinga sheria hiyo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliiacha sheria isimame, ila ikayapa majimbo hiari ya kupanua au kutopanua Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini ambayo serikali kuu na jimbo huchangia gharama zake. Kati ya majimbo yaliyokataa ni Kansas.