Gari kuishiwa nguvu Mbeya si lazima liwe limechoka

Imani kwamba gari la kasi la zamani likitaabika kupanda milima ya Mbeya basi injini imekwisha, na dawa yake ni kununua toleo jipya, imekaa vichwani mwa watu kwa muda mrefu mno. Jiji hili liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini isiyo na turbo, hata ikiwa mpya kabisa, hupungukiwa hapa na kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu iliyokuwa nayo Dar es Salaam. Subaru Impreza WRX ya miaka ya 1990 haiathiriki kiasi hicho, kwa kuwa turbo huishindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Kabla ya kuuza, fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya kila silinda. Vipimo vikiwa vizuri na vinakaribiana, injini haijachoka, basi achunguze kwanza plagi, chujio la hewa na mpira wa turbo uliopasuka. Sababu nzito zaidi ya kubadilisha gari, kwa maoni yangu, ni usalama: mfumo wa kielektroniki unaozuia gari kuserereka una thamani kubwa kwenye kona za mlima Kitonga, mkoani Iringa, wakati wa mvua.