Uongozi wa Walatino katika Usanifu, Uhandisi na Ujenzi wa Marekani: Maana Yake

Nchini Marekani, kama kwingine, jengo hupitia mikono mitatu. Msanifu majengo hubuni na kuchora ramani. Mhandisi hukokotoa nguzo, mihimili, umeme na maji. Mkandarasi huja na mafundi na vibarua kulisimamisha. Fani hizi hutajwa pamoja kama tasnia moja kwa sababu hakuna inayoweza kumaliza kazi bila nyingine. Tunapozungumzia uongozi wa Walatino katika tasnia hiyo, tunauliza swali la wazi: katika mikono hiyo mitatu, Walatino wanashika maamuzi kiasi gani? Nani anabuni, nani anatia saini, nani anashika fedha za mradi, na nani akisema kazi isimame, inasimama?

Mlatino ni mtu mwenye asili ya Meksiko, Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini, au visiwa vya Karibea kama Kuba, Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika. Wapo ambao familia zao zilikuwa New Mexico na Texas kabla ardhi hiyo haijawa ya Marekani, na wapo waliovuka mpaka mwaka jana. Sensa ya 2020 iliwahesabu milioni 62.1, karibu mtu mmoja kati ya kila watano.

Kwenye saiti, hesabu hiyo hupanda. Takriban theluthi moja ya wafanyakazi wote wa ujenzi Marekani ni Walatino, na kwa kazi kama kuezeka, kufunga jipsamu, kumwaga zege na kupaka rangi, sehemu yao ni kubwa zaidi. Ila kadiri unavyopanda kutoka kwenye zege kwenda ofisi ya msimamizi wa mradi, kisha meza ya msanifu, kisha chumba cha wakurugenzi wa kampuni, ndivyo wanavyopungua. Dhana nzima ya uongozi wa Walatino imezaliwa kwenye pengo hilo.

Kiongozi wa kwanza anayefaa kutajwa hana cheo kikubwa. Ni nyapara. Asubuhi na mapema, kabla kazi haijaanza, kikosi hukusanyika kwa dakika chache kuzungumzia hatari za siku hiyo. Karatasi ya maelekezo mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza. Nyapara anayejua lugha zote mbili huishika na kuieleza kwa Kihispania: wapi pa kufunga mkanda wa usalama leo, shimo lipi limefunikwa kwa plaiwudi na lisikanyagwe, kreni itazungukia upande gani. Kisha anarudi kwa msimamizi mkuu na kumwambia kwa Kiingereza kile ambacho mafundi wamekisema, kwamba ngazi ya upande wa mashariki imelegea, au nondo zilizoletwa ni pungufu. Asipokuwepo, ujumbe haupandi wala haushuki. OSHA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama kazini, ilisisitiza mwaka 2010 kwamba mafunzo ya usalama lazima yatolewe kwa lugha mfanyakazi anayoielewa. Na hata Kihispania hakitoshi kila mara, kwa kuwa baadhi ya mafundi kutoka Guatemala lugha yao ya kwanza ni K'iche' au Mam, lugha za jamii za Maya. Kwa maoni yangu huyu nyapara anafanya uongozi kamili, wenye uhai wa watu ndani yake, na kampuni nyingi bado zinamlipa kama fundi aliyezidi wenzake kidogo.

Ngazi ya juu zaidi ni kumiliki kampuni. Hapo mfano bora uko Denver, jimbo la Colorado. Linda Alvarado alizaliwa Albuquerque, New Mexico, msichana pekee kati ya kaka watano. Aliingia kwenye ujenzi wakati mwanamke saitini alikuwa jambo la ajabu, na amesimulia hadharani jinsi wanaume walivyochora picha za kumdhalilisha kwenye kuta za vyoo vya saiti. Mwaka 1976 alianzisha kampuni yake ya Alvarado Construction. Mabenki yalimnyima mkopo, na wazazi wake wakaweka nyumba yao rehani ili wampe dola 2,500. Alianza na kazi ndogondogo, kama vibanda vya kusubiria basi. Baadaye kampuni yake ilishiriki kwenye miradi mikubwa ya jiji hilo, ukiwemo uwanja wa Denver Broncos, timu ya futiboli ya Kimarekani, na yeye mwenyewe akawa miongoni mwa wamiliki wa timu ya besiboli ya Colorado Rockies.

Kwa nini kuanza na vibanda vya basi? Jibu ni dhamana, jambo ambalo mtu asiye wa kazi hii hulisikia mara chache, na ambalo limezuia makampuni mengi madogo. Kwa sheria ya mwaka 1935, mkandarasi anayechukua mradi mkubwa wa serikali kuu lazima awe na dhamana mbili: moja kwamba kazi itakamilika, nyingine kwamba mafundi na wauza vifaa watalipwa. Majimbo nayo yana sheria za aina hiyo. Dhamana hutolewa na kampuni ya kifedha, na kabla ya kuitoa hupekua vitabu vyako vya hesabu, fedha ulizo nazo mkononi, na miradi uliyowahi kumaliza. Asiyewahi kujenga daraja hapewi dhamana ya daraja, na asiye na dhamana hapewi daraja. Familia ambayo babu alikuwa na kampuni, baba akairithi, ina historia ya kuonyesha. Fundi aliyejifunza kazi kwa miaka 20 akitumikia wengine ana ujuzi wote, ila jina lake halimo kwenye mkataba hata mmoja. Ndiyo maana huanza na kibanda, kisha ukarabati wa darasa, kisha shule.

Ili kuvunja mzunguko huo, serikali kuu ilianzisha miaka ya 1980 mpango uliolenga angalau asilimia 10 ya fedha za barabara kuu na usafiri ziende kwa makampuni madogo ya watu walionyimwa nafasi, na Walatino walihesabiwa humo moja kwa moja. Upinzani ulifika Mahakama ya Juu, na kesi yenyewe ilitoka Colorado. Kampuni ya Adarand ilikuwa imetoa bei ya chini kabisa kwa kazi ya kuweka vizuizi vya pembeni mwa barabara kuu, lakini kazi ikapewa Gonzales Construction, kwa sababu mkandarasi mkuu alikuwa analipwa nyongeza akiwapa kazi makampuni ya kundi hilo. Mwaka 1995, kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama iliamua kwamba mipango ya aina hiyo ipimwe kwa kipimo cha kisheria kilicho kikali kuliko vyote, yaani serikali ithibitishe kuwa ina sababu nzito sana. Oktoba 2025 Wizara ya Uchukuzi ikaenda mbali zaidi na kufuta kigezo cha rangi na jinsia kwenye mpango wake. Sasa kila mwenye kampuni anapaswa kuthibitisha mwenyewe, kwa ushahidi wake, jinsi alivyonyimwa nafasi.

Kesi hiyo ya 1995 inaitwa Adarand dhidi ya Peña, na huyo Peña ni mtu wa kuzungumziwa kidogo. Federico Peña alikuwa waziri wa uchukuzi wakati huo. Kabla yake, kuanzia 1983 hadi 1991, alikuwa meya wa Denver, Mlatino wa kwanza kushika nafasi hiyo, katika jiji ambalo Walatino hawakuwa wengi wa wakazi. Hakuwa msanifu wala mhandisi, ni mwanasheria. Hata hivyo ndiye aliyeusukuma mradi wa uwanja mpya wa ndege, wapiga kura wakauidhinisha mwaka 1989, na ukafunguliwa Februari 1995. Katika ujenzi, mwenye mradi ndiye anayeamua nani atachora, nani atajenga na kwa masharti gani. Kwa hiyo meya, mkuu wa wilaya ya shule na mwenyekiti wa bodi ya bandari ni viongozi wa tasnia hii hata kama hawajawahi kuvaa kofia ngumu.

Upande wa kalamu, mlango ni leseni. Anayetaka kuitwa msanifu majengo Marekani kwa kawaida husoma shahada inayotambulika, hufanya kazi chini ya wasanifu wenye leseni kwa saa 3,740 zinazoandikwa moja baada ya nyingine, na hufaulu mitihani sita, kila mmoja ukiwa na ada yake. Mhandisi naye hufanya mtihani wa awali, hufanya kazi kwa kawaida miaka minne, kisha mtihani wa pili, ndipo agonge muhuri kwenye ramani. Kijana ambaye nyumbani hakuna aliyewahi kusoma chuo kikuu hulipia safari hiyo kwa mshahara mdogo na bila mtu wa kumuuliza. Wahandisi Walatino waliofanya kazi katika jiji la Los Angeles waliliona hilo mapema. Mwaka 1974 walianzisha SHPE, chama cha wahandisi Walatino ambacho leo kina matawi katika vyuo vikuu kote nchini humo, na kazi yake kubwa ni hiyo hasa ya kumpa mwanafunzi mtu wa kumuuliza.

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Marekani imewapokea wasanifu wakubwa kutoka Amerika ya Kilatini. César Pelli, mzaliwa wa Tucumán huko Argentina, alikuwa mkuu wa shule ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Yale kuanzia 1977 hadi 1984, na ndiye aliyebuni minara ya Petronas ya Kuala Lumpur yenye urefu wa mita 452. Rafael Viñoly alizaliwa Uruguay. Mónica Ponce de León, aliyezaliwa Venezuela, alianza kuongoza shule ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 2016. Frida Escobedo wa Mexico City alichaguliwa mwaka 2022 kubuni bawa jipya la makumbusho ya sanaa ya Metropolitan, New York. Majina haya ni ya kujivunia. Lakini wengi wao, waliofika na shahada ya usanifu mkononi, hawakuanzia pale anapoanzia binti wa mfunga jipsamu wa Houston. Ukihesabu majina ya wasanifu hao mashuhuri pekee, unaweza kudhani mlango uko wazi kwa wote.

Uongozi huleta pia mtazamo, yaani namna ya kuuona mji. Tuangalie East Los Angeles, eneo la Walatino huko California. James Rojas, mpangaji miji aliyekulia huko, alirudi kuisoma mitaa ya nyumbani kwa ajili ya shahada ya uzamili ya chuo kikuu cha MIT, aliyoimaliza mwaka 1991. Alichokikuta kila mkazi alikuwa anakijua: uzio wa mbele ya nyumba ni mahali pa kuegemea na kuzungumza na anayepita, ua wa mbele ni sebule ya pili na pa kuuzia vitu, ukuta wa duka ni tangazo na mchoro wa sanaa kwa pamoja. Kanuni za mipango miji ziliuona ua huo kama majani tu ya kutazamwa. Tofauti hiyo ndiyo mtazamo ninaouzungumzia. Huko San Ysidro, mtaa wa San Diego ulio ubavuni mwa mpaka na mji wa Tijuana wa Meksiko, msanifu Teddy Cruz, mzaliwa wa Guatemala, na mwenzake Fonna Forman walifanya kazi na shirika la mtaa la Casa Familiar. Nyumba za bei nafuu zikajengwa pamoja na vyumba vya huduma za jamii, na kanisa la zamani likageuzwa ukumbi wa maonyesho. Shirika la mtaa ndilo lililokuwa mwenye mradi.

Kukosa sauti kwenye maamuzi kunaweza kuua pia. Mwaka 2022 wafanyakazi Walatino 1,248 walikufa kazini Marekani, kiwango cha vifo 4.6 kwa kila wafanyakazi 100,000, wakati kiwango cha wote kilikuwa 3.7. Usiku wa Machi 26, 2024, meli iligonga daraja la Francis Scott Key huko Baltimore. Watu sita waliokufa walikuwa wa kikosi cha kuziba mashimo ya barabara juu ya daraja, wahamiaji kutoka Meksiko, Guatemala, Honduras na El Salvador.

Texas inaonyesha nguvu ya kukaa mezani na mipaka yake. Mafundi wa Austin, wakiwa na shirika lao la Workers Defense lililoanzishwa 2002, walikwenda kwenye baraza la jiji na kueleza jinsi watu wanavyoanguka kwa joto juu ya mapaa. Mwaka 2010 Austin ikapitisha kanuni ya mapumziko ya dakika 10 kila baada ya saa nne za kazi. Dallas ikafuata mwaka 2015. Mwaka 2023 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuzuia miji kuweka kanuni za namna hiyo, na mwaka uliofuata Florida nayo ikazizuia wilaya na miji yake kuwawekea waajiri masharti ya kuwakinga wafanyakazi na joto.