Mahali pa Fyuzi Nilikuta Msumari

Msumari wenyewe ulikuwa wa inchi mbili, umekatwa kichwa ili uingie vizuri kwenye kishikizo cha fyuzi cha trekta, tena umepakwa grisi usishike kutu. Aliyeuweka alikuwa mtu makini kwa namna yake. Lakini waya uliotoka hapo kwenda swichi ulikuwa umeungua ganda lote, na juu yake umelazwa waya mwingine wa rangi tofauti, umefungwafungwa kwa utepe kama kidonda.

Kazi yangu ni mashine ndogo, na trekta la bustani ndilo ninalolipenda kuliko zote. Kizazi ninachokizungumzia hapa ni kile cha miaka ya 1960 na 1970. Cub Cadet ya kwanza ilitoka mwaka 1961 ikiwa na injini ya Kohler ya nguvu farasi 7, na John Deere wakaleta 110 yao mwaka 1963. Yalikuwa matrekta kweli, yamepunguzwa kimo tu: fremu ya chuma kinene, gia boksi ya kastaini (chuma cha kusubu), injini ya silinda moja ambayo bloku yake nayo ni kastaini. Vitu hivyo havifi kirahisi. Trekta likikaa bandani miaka 20 bila kuguswa, kutu italila juujuu, petroli itakauka kwenye kabureta, basi. Yanayoniumiza kichwa ni yale yaliyoguswa. Karibu nusu ya saa zangu huishia kutendua kazi ya fundi aliyenitangulia, na hili la msumari nalitumia kama mfano kwa sababu lilikuwa na karibu kila kitu. La kampuni gani, sikujua mpaka nilipokuta namba ya injini. Bati la jina lilishang'olewa zamani.

Ukishalifikisha nyumbani, mkono utakuwasha. Betri ipo, petroli ipo, kwa nini usijaribu? Subiri. Pistoni iliyokaa miaka bila kusogea huweza kunata kwenye silinda, na stata haijui kubembeleza. Itavunja ringi au itaungua yenyewe. Toa plagi kwanza, mulika tochi ndani ya tundu lake, kisha shika flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa mikono miwili uizungushe. Ikigoma, changanya nusu kwa nusu asetoni na mafuta ya gia otomatiki, tikisa sana maana hayo mawili hujitenga upesi, mimina vijiko viwili vitatu kwenye tundu la plagi, halafu uondoke. Uondoke kweli. Kesho yake ongeza kidogo, itikise flaiwili mbele na nyuma bila kulazimisha upande mmoja. Hili langu lilichukua siku 4. Siku ya nne lilisogea upana wa ukucha, nikajua limekubali.

Wiki mbili zikipita bila dalili, fungua hedi. Kwenye injini hizi valvu zimo ndani ya bloku, pembeni mwa silinda, kwa hiyo hedi ni kifuniko tu. Weka juu ya pistoni kipande cha mbao ngumu kinachokaribia upana wake, ugonge hapo. Usiigonge pistoni moja kwa moja, ni alumini. Na kama imesimama juu kabisa au chini kabisa, usigonge: hapo krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, haina pa kuzungukia, nguvu yote itaishia kwenye konrodi, mkono unaoziunganisha.

Hata kama injini inazunguka kama feni, vua lile bati linaloifunika. Injini hizi hupozwa kwa hewa tu. Mapezi ya flaiwili husukuma upepo, bati huuelekeza kwenye mapezi ya silinda na hedi. Panya huliona bati hilo kama nyumba iliyojengwa kwa ajili yake. Nilitoa humo nyasi kavu, maganda ya mbegu na sponji ya kiti cha trekta lenyewe, ndipo nikaelewa kwa nini kiti kilikuwa kimebaki ngozi tupu. Na kiota kile ndani, injini ingewaka vizuri tu, ingefanya kazi kwa muda, kisha gasketi ya hedi ingeungua, nawe ungebaki unalaumu gasketi.

Tumboni mwa injini ndiko kulikokuwa na mambo. Nilipofungua kifuniko cha chini nikakuta tambi nyekundu zinaelea kwenye oili. Silikoni. Aliyenitangulia hakuwa na gasketi, akaona tyubu itamtosha. Kwa kifuniko cha chini si kosa kubwa sana. Kosa lilikuwa kwenye bamba linaloshika beringi ya krenki, ambako alifanya vilevile. Pale gasketi ina kazi mbili: inazuia oili, na unene wake unaiachia krenki nafasi finyu ya kucheza mbele na nyuma. Ndiyo maana hutengenezwa za unene tofauti, fundi apime na kuchagua. Ukiweka silikoni, bolti zikikazwa inakamuliwa nje karibu yote, bamba linakaa chuma kwa chuma, na krenki inabanwa kati ya beringi zake. Ikipata joto ikarefuka, hakuna nafasi iliyobaki. Niliizungusha kwa mkono pistoni ikiwa imeshatoka. Ikasaga kama kinu. Nikakwangua silikoni kwa kipande cha plastiki kigumu (bisibisi hukwaruza uso, na mkwaruzo ni njia ya oili), nikaweka gasketi, nikapima nafasi kwa fila geji, vile vibamba vya kupimia upenyo. Mara ya pili ilizunguka kwa kidole kimoja.

Ukiwa humo humo, itazame konrodi. Nyingi ya injini hizi hazina pampu ya oili. Chini ya konrodi pana kijiko kidogo kinachochota oili na kuirusha huku na huko kila mzunguko, na hayo matone ndiyo yanayolainisha silinda, kamshafti, beringi, kila kitu. Oili ikipungua, au ukikata nyasi muda mrefu kwenye mteremko mkali, kijiko kinachota hewa. Konrodi ni ya alumini. Hunata kwenye krenki, hukatika, na kipande kikatafuta njia ya kutokea ubavuni mwa bloku. Ukionyeshwa trekta lenye kiraka ubavuni mwa injini, mhesabie muuzaji bei ya trekta lisilo na injini. Konrodi na kofia yake (kipande kinachoifunga kwenye krenki) zina alama, nazo lazima zikutane upande mmoja, kwa sababu tundu lao lilichongwa vikiwa vimefungwa pamoja. Kofia iliyogeuzwa hukaza vizuri mkononi, kisha injini inadumu saa chache.

Upande wa cheche nilikuta koili ya gari, kile kifaa kinachokuza umeme wa betri uwe cheche. Ilikuwa inatoa cheche nene ya kupendeza, ila ni ya aina inayohitaji rizista (kipunguza umeme) ya nje, na rizista haikuwepo. Umeme uliozidi ukawa unapita kwenye pointi, zile ncha zinazounganisha na kukata umeme wa koili, nazo zikaungua mpaka zikawa za bluu. Kwa hali hiyo mtu hubadili pointi, baada ya wiki chache hubadili tena, akiamini kwamba za siku hizi ni mbovu. Nilirudisha koili ya volti 12 yenye rizista ndani yake, kondensa mpya, pointi mpya, nafasi nusu milimita. Kabla ya kufunga, pitisha karatasi nzito iliyo safi katikati ya pointi zilizofumbwa. Pointi mpya huja na ukungu wa mafuta ya kuzuia kutu, na ukungu huo unatosha kukunyima cheche mchana kutwa huku ukishuku kila waya.

Tangi lilikuwa la chuma na ndani limevimba kutu. Wapo wanaotia changarawe na kutikisa. Mimi hutumia umeme. Kwanza liwe limesuuzwa kwa maji na sabuni mpaka lisinuke petroli hata kidogo. Kisha jaza maji, koroga magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita 4. Ning'iniza kipande cha nondo ndani kupitia mdomo wa tangi, nacho kisiguse chuma popote. Mimi hukivalisha kipande cha bomba la plastiki nililolitoboa matundu mengi. Chaja ya betri, chanya kwenye nondo, hasi kwenye tangi. Ukigeuza, utakuwa unalila tangi kuiokoa nondo. Baada ya muda viputo vinapanda, maji yanakuwa ya kahawia, na nondo inavaa tope zito. Itoe, ipanguse, irudishe. Umeme husafisha zaidi pale panapoonana na nondo, kwa hiyo ihamishe mara kwa mara.

Viputo hivyo ni haidrojeni: kazi ifanyike nje, mbali na moto, na chaja izimwe kabla hujagusa vibanio, maana cheche ndogo ya kibanio inatosha. Badala ya nondo usitumie chuma cha pua, kromiamu yake huingia majini ikawa sumu. Wala usitumbukize kabureta humo ukadhani utaisafisha. Magadi huila alumini.

Kabureta haina siri nyingi. Ivunje, vua floti na kila kipande cha mpira, safisha vijia vyote kwa dawa na hewa, na kwenye jeti, kitundu kinachopima petroli, tumia uzi mmoja wa waya wa shaba, kamwe si sindano ya chuma, kwani ukiupanua mlango wa jeti kwa nukta tu mchanganyiko umeharibika. Mipira ya petroli weka mipya bila kujadiliana na nafsi.

Mkanda nao ulikuwa wa gari, na ndio uliompa mwenye trekta sifa ya kuendesha kwa kurukaruka. Matrekta mengi ya namna hii klachi yake ni mkanda wenyewe: ukikanyaga pedali, puli ya kukazia inalegea na mkanda unapaswa kuteleza bila kung'ang'ania. Mkanda wa gari kingo zake ni mpira mtupu, umeundwa usiteleze kabisa. Wa trekta la bustani huwa umefunikwa kitambaa pande zote. Kwa macho wanafanana kama ndugu, hata urefu ukalingana. Upitishe kidole pembeni utaujua.

Kuna stata ambazo ndizo hizohizo jenereta: zinazungusha injini kwa mkanda, injini ikiwaka zinageuka kuchaji betri. Ukiitoa moja ya hizo na kuirudisha, au ukibadili regyuleta, kidhibiti cha kuchaji, lazima uikumbushe mwelekeo wa umeme kabla ya kuwasha. Kwa zile nyingi za kampuni ya Delco-Remy, gusanisha kwa waya kituo cha betri na kile cha jenereta kwenye regyuleta, mguso wa nukta moja, cheche ikitoka umemaliza. Bila hivyo itawasha injini vizuri kabisa ila haitachaji, na utabadili betri nzima.

Nyaya nilizifuata kuanzia betri. Mbali na ule wa kwenye msumari, nilikuta kipande kimoja kimeunganisha pande mbili za swichi ya pedali ya klachi, ile inayozuia stata isifanye kazi mpaka ukanyage. Nikakikata siku hiyohiyo, kabla hata injini haijafungwa. Trekta linalowaka likiwa kwenye gia halimsubiri aliyesimama mbele yake.

Rangi huwa ya mwisho na nitaipita haraka. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi na pedi za breki za zamani asbesto, kwa hiyo piga msasa kwa maji, vaa barakoa, na usipulize vumbi la breki kwa kompresha. Binafsi siku hizi naiacha rangi ya asili pale inaposhika, napaka praima penye chuma kitupu tu. Wanaotaka ing'ae wana haki yao.

Siku ya kuwasha, nilining'iniza chupa ndogo ya petroli mpya juu ya kabureta badala ya kutumia tangi, nikaweka oili SAE 30 mpaka alama ya juu, nikatia fyuzi mpya pale palipokuwa na msumari. Nikageuza swichi. Fyuzi ikakatika hata kabla sijagusa stata.

Hapo ndipo nilipomwelewa yule bwana. Fyuzi zilikuwa zinamkatikia, yeye akachoka. Nyaya za betri na swichi nilikuwa nimezibadili zote, ila za taa niliziacha kwa kuwa zilionekana nzima. Nikachukua mita, nikaufuata waya wa taa ya kushoto, nikaukuta chini ya mkono wa chuma unaoshika tangi. Mkono ulikuwa umefungwa juu yake, ganda limepasuka, shaba imelala juu ya fremu. Yaani aliyelirudisha tangi miaka hiyo aliubana waya na hakujua, na kila kilichofuata, fyuzi, msumari, waya ulioungua, waya wa juu yake, kilitokana na bolti ile moja.

Nikauhamisha, nikauvika mpira, nikafunga tangi. Fyuzi ya pili ikakaa. Injini ilikohoa mara tatu, ikapiga moshi mweupe wa yale mafuta niliyomimina kwenye silinda, ukakatika baada ya dakika chache. Niliiacha kwenye mwendo wa kati kwa robo saa, nikizunguka na tochi kutafuta uvujaji, nikaizima. Kesho yake, ikiwa imepoa kabisa, nilirudia kukaza bolti za hedi kwa mpangilio wa mwongozo. Mbili zilikubali robo mzunguko.