Makapi yatokanayo na kukaanga kahawa: kwa Dodoma, naona mahali pake ni kwenye mboji

Watu wanaponiuliza kuhusu taka za kahawa, aghalabu huwa wanafikiria maganda ya viwanda vya kukobolea. Hayo hayatuhusu sisi wakaangaji wa Dodoma, kwa kuwa kahawa ya Kilimanjaro, Mbinga au Kagera hutufikia ikiwa imekwisha kukobolewa. Taka yetu ni ule utando mwembamba ulioshikamana na punje, ambao hubanduka punje inapovimba kwa joto, ukapeperushwa na feni hadi kwenye pipa la makapi. Kilo 100 za kahawa mbichi hutoa takriban kilo moja au mbili tu za makapi hayo, lakini kwa wepesi wake hujaza debe na kumwagika.

Wazo linalotajwa kwanza ni mkaa mbadala. Mimi silipendi sana: makapi haya huwaka na kuisha upesi mno, ukiyageuza kuwa mkaa hubaki kidogo, kisha unadaiwa uji wa muhogo wa kugandishia na mashine ya kushindilia ambayo mkaangaji mmoja hana mzigo wa kuilisha. Anayetengeneza tayari mkaa wa pumba za mpunga anaweza kuyachanganya humo, basi.

Kwenye mboji ndiko yanakolipa. Kwa kuwa ni makavu, wengi huyahesabu pamoja na mabua, ilhali protini yake hufika asilimia 16 hadi 19, yaani yana naitrojeni ya kutosha kuozesha mabua ya mtama na uwele ambayo, yakiachwa peke yake, hukaa muda mrefu bila kuoza. Udongo wetu wa Dodoma, wenye mboji haba na mvua ya takriban milimita 600 kwa mwaka, unahitaji hasa kitu cha kushika maji, na wakulima wa zabibu wa Mpunguzi na Hombolo wanalijua hilo kuliko mimi. Kosa ni kuyamwaga kwa tabaka nene: chota konzi moja uitupe juu ya maji, utaona inaelea, na tabaka lililoshikana hufanya vivyo hivyo, likayazuia maji yasipenye. Yaloweshwe kwanza, kisha yachanganywe na mabua na samadi ya mbuzi huku lundo likigeuzwa mara kwa mara.

Yasiwekwe mabichi kwenye kitalu, maana yana kafeini, nayo huweza kuzuia mbegu kuota. Kwa sababu hiyohiyo siwashauri wafugaji kuyatumia kama chakula cha kuku au mbuzi. (Punje zilizoungua nazo ziende kwenye lundo, zikiwa zimesagwa.)

La moto ni zito zaidi. Cheche moja iliyofichika ndani ya pipa huweza kufuka kwa saa nyingi bila kuonekana, kwa hiyo makapi yakitoka mashineni yamwagwe kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, mbali na magunia, na yasitiwe kwenye mifuko ya sandarusi hadi yapoe kabisa, hususan miezi ya kiangazi upepo unapovuma.